Mzazi Asigeuzwe Mgeni kwa Mwanawe

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wazazi, wanasheria, walimu na maofisa wa ustawi wa jamii. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa mahakimu na mawakili, maofisa wa ustawi wa jamii, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi mistari ya nyuma, ambao jambo hili ni lenu kuliko lilivyo letu: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi.

Kazi yangu ni usuluhishi wa mashauri ya familia. Naketi mezani na watu waliopendana, wakazaa, wakaachana, na sasa wameshindwa kukubaliana mtoto alale wapi. Siku moja baba mmoja alikuja na daftari la shule, na juu ya jalada lake alikuwa ameandika jina la binti yake. Akalifungua mbele yangu. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, na jibu alilolipata getini. "Saa tisa na robo, nimeambiwa amelala." "Saa tisa, wameenda kwa bibi." "Saa tisa na dakika kumi, mlango haukufunguliwa." Kurasa za mwanzo zilikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu anayetarajia kwamba ipo siku atasomwa. Kufikia katikati ya daftari alikuwa ameacha kuandika saa. Iliandikwa tarehe na neno moja tu: "Hapana."

Nikageuka kumtazama mama wa mtoto. Naye akatoa daftari lake mkobani. Jalada lilikuwa na jina lilelile. Ndani mlikuwa na ada, dawa, viatu vya shule, nauli, na pembeni ya kila kitu kiasi ambacho baba alikuwa amechangia: sifuri, sifuri, nusu, sifuri.

Ndugu zangu, ni nani kati ya hawa wawili aliyekuwa akisema uongo? Hakuna. Nilipitia madaftari yote mawili ukurasa kwa ukurasa, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Baba alifungiwa mlango, na mama aliachiwa mzigo. Binti yao, aliyekuwa na miaka mitano, hakuwa na daftari lake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameuliza yeye angeandika nini.

Nimekuja kumsemea mzazi asiyeishi na mtoto. Lakini naomba nieleweke mapema: haki anayoidai mzazi huyo ni haki ya mtoto kwanza, na ya mzazi baadaye. Mahali popote ambapo sheria imelisahau jambo hilo, mzazi amegeuzwa mgeni kwa mwanawe, na mtoto amenyimwa kitu ambacho hakuna mahakama iliyokusudia kumnyima.

Niwaulize: mnapolisikia neno "mzazi asiyeishi na mtoto," ni sura ya nani inayowajia? Wengi wenu mtasema baba. Historia inatujibu vingine. Mwaka 1836 nchini Uingereza, mwandishi Caroline Norton alitengana na mumewe, na mume akawachukua watoto wao watatu wa kiume akawaweka mbali naye. Mama yule hakuwa na pa kushtaki. Sheria ya wakati ule ilimhesabu mtoto wa ndoa kuwa wa baba, na mama, hata kama hakuwa na kosa lolote, hakuweza kumwona mwanawe ila kwa hisani ya mumewe. Norton alishika kalamu, akaandika vijitabu, akawafuata wabunge, hata mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mama kuiomba mahakama akae na watoto walio chini ya miaka 7 na kuwaona waliozidi umri huo. Naye alifaidika nini? Watoto wake walikuwa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 mdogo wao, William, alianguka kutoka juu ya farasi na kujeruhiwa, na jeraha likaingia sumu. Mama alipopata habari na kufika, mtoto alikuwa amekwisha kufariki.

Nasimulia habari hii kwa sababu mjadala wetu umezoeleka kuwa vita vya wanaume na wanawake, na mimi naona hapo ndipo tunapopotea. Katika miaka mingi iliyofuata, sheria za nchi nyingi zilihama kutoka nyumba ya baba zikaingia nyumba ya mama. Hata ile miaka 7 ilisafiri: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inachukulia kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, ingawa inaruhusu dhana hiyo kupingwa kwa ushahidi, na inaitaka mahakama iangalie pia madhara ya kumhamisha mtoto huku na kule. Nyumba ilibadilika, lakini swali lilibaki lilelile: mtoto huyu ni wa nani? Nami nasema kasoro iko ndani ya swali lenyewe. Mtoto si shamba la urithi ambalo lazima mmoja apewe hati na mwingine aondoke mikono mitupu.

Swali sahihi limekwisha kuulizwa, tena kwa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja huo isipokuwa Marekani, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi mmoja au wote wawili ana haki ya kudumisha uhusiano na kuonana nao ana kwa ana, mara kwa mara, isipokuwa pale inapokuwa kinyume cha maslahi yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika ibara ya 19. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na inataja wajibu ulio sawa wa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana. Tazameni ni nani mwenye haki katika maandiko haya. Ni mtoto. Wazazi wametajwa kwa wajibu wao.

Sasa tutoke kwenye mikataba tuingie kwenye lugha ya kila siku ya mahakama zetu na ofisi zetu. Tunasema mzazi mmoja "amepewa mtoto" na mwingine "ameruhusiwa kumtembelea." Kumtembelea! Ni nani hutembelea? Mgeni hutembelea. Mgeni hubisha hodi, hukaa sebuleni, hutazama saa, huaga mapema asije akachosha wenyeji. Mgeni hamwogeshi mtoto, hamsaidii hesabu, hamkanyi akikosea. Uingereza ililiona tatizo hili la maneno, ikaanza kwa kuyaondoa: sheria yake ya watoto ya mwaka 1989 iliacha lugha ya kumkabidhi mtoto kwa mmoja na kumruhusu mwingine amwone, ikazungumzia mtoto anaishi wapi na anakutana na nani, na mwaka 2014 hata mgawanyo huo ukaunganishwa katika amri moja inayoeleza mipango ya mtoto. Mtaniambia kwamba maneno hayafungui geti, na ni kweli. Lakini nimeshuhudia mara nyingi mezani kwangu jinsi mtu aliyeambiwa "umempoteza mtoto" anavyoanza kuenenda kama aliyempoteza.

Ziko nchi ambazo mpaka juzi hazikuwa hata na mlango wa kubisha. Nchini Ujerumani, baba ambaye hakumwoa mama wa mtoto hakuweza kushiriki ulezi wa kisheria bila mama kukubali, hata kama amemlea mtoto huyo kwa miaka. Baba mmoja aliipeleka hoja hiyo mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo Desemba 2009 ikaamua kwamba amebaguliwa, na sheria ya Ujerumani ikarekebishwa mwaka 2013. Nchini Japani, ndoa ilipovunjika sheria ilitaka mzazi mmoja tu abaki na mamlaka juu ya mtoto, na ni Mei 2024 tu ambapo bunge lake lilipitisha mabadiliko yanayowaruhusu wazazi walioachana kuyashika kwa pamoja.

Naomba mniruhusu sasa niseme jambo langu mwenyewe, kwa maana sikuingia katika kazi hii kwa bahati.

Mimi nililelewa na baba. Wazazi wangu walipoachana nilibaki naye, na mama akahamia kwingine. Nikiwa na miaka tisa, siku moja wakati wa mapumziko, nilimwona mama amesimama nje ya uzio wa shule, ameshika waya kwa vidole viwili. Alikuwa ametoka ofisini. Alikuwa amekuja kuulizia matokeo ya mtihani wangu, nao wakamjibu kwamba jina lake halimo kwenye fomu, kwa hiyo hawawezi kumwambia chochote. Hakuja kunichukua, wala hakuja kugombana na mtu. Alitaka kujua kama nimefaulu hesabu. Nikamwambia kupitia uzio: nimepata sabini na mbili. Akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaandika nyuma ya tikiti yake ya basi, halafu kengele ikalia nikakimbilia darasani.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, na simlaumu. Nilipokua nilimuuliza kwa nini hakuandika jina la mama, akanishangaa. Fomu ilikuwa na nafasi ya mzazi mmoja, akaandika la kwake, basi. Hakukusudia kumfungia mtu nje. Fomu ndiyo iliyomfungia.

Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo inawafaa watu wanaogawana mavuno. Kwa mzazi na mtoto haifai, nasi tusiiruhusu igeuke kuwa utaratibu wa ofisi. Mzazi asiyeishi na mtoto ana haki ya kujua. Ajue ripoti ya shule, ajue mtoto amelazwa, ajue ameandikiwa dawa gani, ajue kuna kikao cha wazazi Ijumaa. Haya hayahitaji ugomvi wa mawakili. Yanahitaji fomu yenye nafasi mbili, na agizo kwa shule na hospitali kwamba mzazi asinyimwe taarifa kwa sababu tu halali nyumba moja na mtoto, ila pale mahakama ilipozuia. Katika mageuzi yote ninayoyadai leo, hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalonikera zaidi kuona halijafanyika.

Sasa nakuja kwenye muda, na hapa nitakawia kidogo.

Waheshimiwa, shauri linapoahirishwa, ni nani anayelipa? Kwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwaka mmoja ni sehemu ndogo ya maisha. Kwa mtoto wa miaka minne, mwaka mmoja ni robo ya maisha yake yote. Hakimu amehamishwa, faili halionekani, wakili ana udhuru, shauri limepangwa kutajwa mwezi ujao. Kila mmoja katika mlolongo huo ana sababu yake, na huenda ni sababu ya haki kabisa. Lakini mtoto hasomi mwenendo wa shauri. Anachojua ni kwamba mtu aliyekuwa akimbeba mabegani haji tena, na kwa akili ya mtoto jambo hilo lina maelezo mawili tu: amenichoka, au nimefanya kosa.

Mwezi Januari mwaka 2000, Mahakama hiyohiyo ya Ulaya iliamua shauri la mama mmoja wa Kifaransa dhidi ya Romania. Mama huyo alikuwa na amri za mahakama mkononi zinazotaka arejeshewe binti zake wawili. Hakushindwa kesi, alishinda, mara zaidi ya moja. Baba aliwaficha watoto, na wenye dola hawakuchukua hatua za kutosha kumzuia. Miaka ikapita, na siku alipokutanishwa na binti zake kwa muda mfupi shuleni kwao, wakasema hawataki kumwona. Mahakama ilieleza kwamba kupita kwa muda kunaweza kuleta madhara yasiyotibika katika uhusiano wa watoto na mzazi asiyeishi nao. Yasiyotibika, ndugu zangu. Amri yenye mhuri, isiyokaziwa, ilimfaa nini mama yule?

Tena sheria ya kimataifa inajua jinsi ya kuheshimu muda inapotaka. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, unaohusu watoto waliotoroshwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, unataka mashauri yaendeshwe kwa haraka, na wiki 6 zikipita bila uamuzi, mwombaji ana haki ya kudai maelezo ya sababu za kuchelewa. Je, kwa nini mzazi ambaye mwanawe hakuvushwa mpaka wowote, ambaye amefichwa mtaa wa pili tu, asipewe haki hiyo ya kudai maelezo? Nadai tuwe na wiki 6 za namna hiyo ndani ya sheria zetu. Nadai pia amri ya kuonana iwe na meno. Anayeivunja aitwe ndani ya siku chache, siku zilizopotea zifidiwe kwa siku nyingine, na akirudia bila sababu mahakama iwe na uwezo wa kubadili mpango mzima. Kifungo nakitaja mwisho kwa makusudi, kwa sababu nimeona mtoto ambaye mzazi wake mmoja alifungwa kwa ajili ya mwingine, na mtoto huyo hakumsamehe yeyote kati yao.

Kuhusu matunzo nitasema kwa ufupi, maana madaftari yale mawili yamekwisha kusema. Fedha za matunzo ni za mtoto. Siku za kuonana ni za mtoto. Anayesema "halipi, kwa hiyo hamwoni" anamwadhibu mtoto mara mbili, na anayesema "simwoni, kwa hiyo silipi" anafanya vivyo hivyo. Wewe baba, au wewe mama, unayezuia fedha ili ufunguliwe mlango, fahamu kwamba umeuuza ushahidi wako mwenyewe. Mahakama iyasikilize mambo haya mawili kila moja kwa njia yake, na moja lisigeuzwe rehani ya jingine.

Najua kuna walio katika ukumbi huu ambao wamenisikiliza mpaka hapa kwa hofu, na hofu yao ni ya haki. Yuko mzazi ambaye mtoto huwa salama pale tu asipokuwa naye. Yuko mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, na kumwambia mama huyo afungue geti saa tisa kila Jumamosi ni kumrudisha alikokimbia. Ibara ya 9 niliyoitaja inalijua hilo, ndiyo maana ina neno "isipokuwa." Kwa hiyo madai ya kipigo au ya kumdhuru mtoto yachunguzwe kwanza, tena upesi. Upesi huo unamkinga mtoto aliye hatarini, na unamkinga vilevile mzazi aliyesingiziwa. Wakati uchunguzi unaendelea, mtoto akutane na mzazi mbele ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo, mahali palipoandaliwa, badala ya ama kukabidhiwa moja kwa moja ama kukatwa kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, mimi siungi mkono sheria ya kugawa siku nusu kwa nusu kwa kila familia. Najua wapo wenzangu wanaoidai, nami naielewa kiu yao. Lakini tujifunze kwa waliotangulia. Australia mwaka 2006 iliweka dhana kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa wa pamoja juu ya mtoto, na ikazitaka mahakama zifikirie mgawanyo sawa wa muda. Wazazi wengi waliielewa kwamba kila mmoja ana nusu ya siku kama stahiki yake, na kwa dhana hiyo wengine walikubali mipango iliyowatia hofu. Dhana hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Mei 2024. Walichotaka kilikuwa chema: wazazi wawili kwa kila mtoto. Kasoro ilikuwa kuanza tena na hesabu ya wazazi kabla ya kumtazama mtoto huyu, wa umri huu, mwenye shule iliyo hapa na hofu zilizo hivi. Mtoto anyonyaye hawezi kupangiwa kama kijana wa miaka kumi na minne, na kijana huyo asikilizwe kauli yake bila kulazimishwa kuchagua kati ya wazazi wake.

Sasa niwarudishe kwenye madaftari yale mawili, kwa kuwa najua mtaniuliza iliishaje.

Ilituchukua vikao sita. Baba alikubali kukatwa matunzo moja kwa moja kwenye mshahara, pamoja na kulipa malimbikizo kidogo kidogo. Mama alikubali Jumatano jioni na Jumamosi mchana kutwa, na kwamba mabadiliko yoyote yaandikwe siku mbili kabla. Tulikubaliana daftari la tatu, litakalosafiri ndani ya mkoba wa mtoto, la kuandika dawa, kazi za shule na usingizi tu. Lawama haziruhusiwi humo. Mahakama ikauthibitisha mpango huo kuwa amri.

Lakini kufikia hapo ulikuwa umepita mwaka na miezi mitatu. Jumamosi ya kwanza, baba aliniambia, binti yake aliketi ukingoni mwa kochi tangu asubuhi mpaka saa kumi, mkoba mapajani, viatu miguuni, akijibu "ndiyo" na "hapana" kama aliyepelekwa kwa watu asiowajua. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Katika nyumba aliyozaliwa, aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Baba hakumlazimisha kitu. Alikaa sakafuni karibu naye akichora, akamwachia karatasi na kalamu za rangi upande wake. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu pia.

Jumamosi ya nne alivua viatu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.